Mgao wa Samaki na Mgao wa Hatari



Mada tuliyopewa na Tume ni wajibu wetu wa pamoja juu ya afya na usalama mahali pa kazi. Maneno hayo "mahali pa kazi" yakitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia kiwandani, penye ukuta, geti na king'ora. Katika Kigoma yetu viwanda vya namna hiyo ni vichache. Mahali pa kazi pa watu wetu ni mtumbwi usiku wa giza. Ni ubao mwembamba wa kupandia chomboni pale bandarini, na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiwa begani. Ni mchikichi anaoukwea mtu ili aangushe mkungu, na pipa la mawese linalochemka uani huku watoto wakicheza kandokando. Ni rundo la mawe ambayo mama anayaponda kuwa kokoto bila kitu cha kukinga macho yake. Ni mabwawa ya chumvi kule Uvinza.

Sheria ya nchi yetu imekwisha kulitambua jambo hili. Sheria ya viwanda tuliyorithi kwa wakoloni, ile ya mwaka 1950, ilitazama kiwanda. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikachukua nafasi yake, na kwa sheria hiyo mpya jicho la serikali likatoka kiwandani likaenda kila mahali mtu anapofanya kazi. Mnamo Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani nalo liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na chama na marufuku ya kazi ya shuruti. Kwa hiyo hatuzungumzii hisani hapa. Tunazungumzia haki.

Hata hivyo leo hatutaweza kugusa kila kazi. Tutakaa zaidi ziwani, kwa sababu ziwa hutufanya mara nyingine tuwaombee marehemu bila kuwa na mwili wa kuzika.

Wenyeji wa mwambao mtatuvumilia tukieleza jambo mnalolijua kuliko sisi, kwa kuwa wajumbe waliotoka Kasulu na Kibondo hawalali ziwani. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Mitumbwi hufungwa pamoja kwa nguzo, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hupanda wakifuata mwanga, na wavu ulioshushwa chini yao huinuliwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai tupu. Siku hizi taa za betri na za nguvu ya jua zimeingia kwa wingi, na hilo ni jambo la kushukuru, maana karabai iliyotiwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli imewaunguza watu. Mbalamwezi ikiwa kamili mwanga wa taa haufai kitu, hivyo watu hubaki nchi kavu wakashona nyavu. Giza likirudi wanaingia. Chini yao pana maji ambayo mahali pengine yana kina cha zaidi ya mita 1,400, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huweza kulichafua ziwa kwa saa chache tu. Kati ya vijana wanaoingia wapo wasiojua kuogelea. Wengi hawana jaketi la kuokolea maisha.

Sasa tuje kwenye mgao, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mvuvi wa dagaa kwa kawaida halipwi mshahara. Samaki wakiisha kuuzwa, kwanza hutolewa gharama: petroli ya mashine, mafuta au betri za taa, chakula cha safari. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, upande mmoja mwenye vyombo, upande mwingine wavuvi. Mwenye vyombo hupata fungu kubwa kwa sababu mtumbwi, wavu na mashine ni vyake. Hatukuja kuulaani utaratibu huo. Una haki ndani yake, kwani usiku ukiwa mbaya wote hulala njaa, na usiku ukiwa mwema kila mmoja huona jasho lake. Pengine una haki zaidi kuliko mishahara fulani tunayoijua mijini.

Lakini tazameni jambo moja. Katika hesabu ile, petroli ni gharama. Betri ni gharama. Unga wa ugali ni gharama. Uhai wa mtu haumo katika hesabu. Kijana akizama, mwenye chombo huja msibani na sanda, gunia la unga na rambirambi, naye hulia na waliao, na hatuna sababu ya kuyashuku machozi yake. Arobaini ikiisha, mjane akiuliza juu ya fidia, jibu tulilolisikia zaidi ya mara moja katika kazi yetu ya kichungaji ni hili: "Hakuwa mfanyakazi wangu, mama. Alikuwa mbia wangu."

Ndugu wapendwa, jibu hilo lapasa kupimwa. Kama marehemu alikuwa mbia, basi fungu lake katika mtumbwi na mashine liko wapi, ili mjane alirithi? Na kama hakuwa mbia bali kibarua, basi mwajiri wake ni nani, na mkataba wake uko wapi? Alipokuwa hai aliitwa mbia siku ya hasara na kibarua siku ya faida. Mauti yake yamemkuta hana hata jina moja kati ya hayo mawili.

Nchi yetu ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Anayeumia, anayeugua kwa sababu ya kazi yake, na wategemezi wa anayekufa kazini, wote wamekumbukwa. Ni sheria njema. Lakini mfuko huo umejengwa juu ya mwajiri aliyejiandikisha. Mwenye mtumbwi asiyejiita mwajiri hajiandikishi, na mlango hufungwa kabla mjane hajaufikia.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyewahi kusimama pale mwalo wa Kibirizi au Katonga ameliona. Mashine ya mtumbwi hufungwa kwa kamba au mnyororo, ili ikichomoka isizame. Ni busara, kwa kuwa mashine ni ghali. Mji wetu una historia ndefu ya busara ya namna hiyo. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma ikiwa na jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, adui wasije wakaipata. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Grisi ile ilifanya kazi yake. Tunauliza tu: mtu aliyeketi karibu na mashine iliyofungwa kamba, yeye amefungwa nini?

Wengine watasema, "Padre, ajali haina kinga." Tunaijua methali hiyo, na kuna wakati inafariji. Lakini mara nyingi tumeigeuza kuwa shuka la kufunikia uzembe. Tunapozika tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tukitoka makaburini tunanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, na tunamtafuta bibi kizee wa kumsingizia uchawi. Njia zote mbili zinatuepusha na swali moja dogo, kwamba chombo kile kilikuwa na majaketi mangapi.

Bwana wetu aliletewa swali la aina hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, tunasoma kwamba mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua. Yesu aliwakatalia waziwazi waliodhani kwamba marehemu wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakuwashtaki waliokufa. Aliwageukia walio hai akawadai toba. Tuliikumbuka sura hiyo siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilipoanguka na kuua watu zaidi ya 30. Mnara haujengwi na Mungu. Unajengwa na watu, kwa mchanga na saruji waliyoipima wao.

Agano la Kale lenyewe lina sheria za usalama kazini, ingawa hatujazoea kuziita hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba anaagizwa kuzungushia dari lake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika Kutoka, sura ya 21, mwenye kuchimba shimo akaliacha wazi hulipa mnyama wa mwenzake akitumbukia. Na katika sura hiyohiyo kuna habari ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akamwua. Kama ng'ombe huyo hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, hapo mwenye ng'ombe anabeba hatia ya damu. Torati inatenganisha ajali ya kwanza na ajali ya pili. Ya pili si ajali tena kwa yule aliyeonywa.

Taifa letu limekwisha kuonywa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na mamia ya watu walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baadaye, katika ziwa hilohilo, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Waliozama siku hizo hawakuwa abiria tu. Mabaharia nao walikuwa kazini. Ng'ombe alikuwa yule yule, na pembe zile zile.

Wazee wa Buha wanayo kumbukumbu nyingine. Katika siku za ukoloni mkoa huu ulikuwa ghala la nguvukazi. Waha waliandikwa kwa maelfu kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na shirika lao maalumu la kuwaandika, lililojulikana kama SILABU. Waliitwa manamba, maana mtu aliandikwa kwa namba. Ile mashine ya kuchakata mkonge, korona, haikujua namba ya mtu. Ilikula mkono uliosogea. Aliyerudi Kasulu bila mkono alirudi kwa mama yake, si kwa kampuni. Tunalitaja hilo kwa sababu babu zetu waliona uchungu kuitwa namba, na leo kuna vijana wetu wanaoingia ziwani ambao hata namba hawana. Hakuna daftari linalotaja kwamba usiku fulani, katika mtumbwi fulani, waliingia watu sita, na majina yao ni haya.

Kanisa lilianza kusema mapema juu ya mambo haya. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891, Rerum Novarum, alifundisha kwamba muda wa kazi upimwe kwa uzito wa kazi yenyewe, akawataja kwa namna ya pekee wachimbaji wa mawe na madini, kuwa saa zao zastahili kupunguzwa. Miaka 90 baadaye, katika Laborem Exercens, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitaja wazi kati ya haki za mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yasiyodhuru afya ya mwili wala utu wake. Tena alitupa wazo ambalo sisi tunaliona kuwa la thamani kubwa kwa hali yetu ya Kigoma. Alisema kwamba kuna mwajiri wa moja kwa moja, yule anayeagana na mfanyakazi, na kuna mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote ambao maamuzi yao yanaifanya kazi ile iwe ya haki au ya dhuluma. Aliitaja dola kwanza kabisa, lakini hakuishia hapo.

Basi tujiulize, mwajiri huyo wa pili katika ziwa letu ni nani? Ni mfanyabiashara wa dagaa aliyekwisha kutoa fedha kabla ya giza la mwezi, naye anasimama ufukweni jioni ya upepo akisema deni halingoji hali ya hewa. Ni halmashauri inayotoza ushuru mwaloni. Anayejua kuhesabu ndoo za dagaa hawezi kushindwa kuhesabu majaketi. Ni wakaguzi wa vyombo wanaofika mara chache, na pengine wanaondoka wakiwa wameridhika haraka mno. Ni sisi tunaotaka dagaa wa bei rahisi sokoni. Na ni Kanisa pia, tena si kwa ziwani tu: parokia inayojenga ukumbi na kumpandisha fundi juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba za migomba, bila kofia ngumu na bila sanduku la huduma ya kwanza, haina mdomo wa kumfundisha mwenye mtumbwi.

Hapa inatubidi tuwe waangalifu, kwa kuwa neno "wajibu wa pamoja" lina mtego wake. Tukisema wote tunawajibika, upo upesi wa kuhitimisha kwamba basi hakuna anayewajibika, au kwamba marehemu naye alikuwa na fungu lake la kosa sawa na wenzake. Sivyo. Sheria yetu inampa mfanyakazi wajibu: ajitunze, asihatarishe wenzake, atoe taarifa ya hatari anayoiona. Ni wajibu wa kweli. Vijana wanaoingia ziwani wakiwa wamekunywa gongo, na wale wanaomcheka mwenzao aliyevaa jaketi wakimwita mwoga, wanakosa mbele ya Mungu na mbele ya wenzao. Tumewaambia hivyo katika mahubiri, na tutaendelea kuwaambia. Lakini wajibu hupimwa kwa uwezo. Mwenye kuamua kama chombo kiingie au kisiingie ana wajibu mkubwa kuliko aingiaye kwa kuogopa kukosa nafasi kesho. Sheria inatamka jambo hilohilo inapomtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga. Haikumwambia kibarua avinunue kwa fungu lake.

Isidhaniwe kwamba balaa hili ni letu peke yetu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Kuhusu wavuvi, kwa muda mrefu ilitajwa hesabu ya vifo 24,000 kwa mwaka. Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ni zaidi ya 100,000. Hesabu ilikuwa ndogo hapo kwanza kwa sababu vifo vingi vya wavuvi wadogo havikuandikwa popote. Vya kwetu ni miongoni mwa hivyo.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa kikao hiki ni moja, nalo si la gharama kubwa. Jaketi liingizwe katika gharama, pamoja na petroli na betri, kabla ya mgao. Likiwa ni la mwenye chombo peke yake, atalikwepa. Likiwa ni la mvuvi peke yake, hataliweza. Likitolewa katika gharama, wote wamelichangia, na wote watakuwa na uchungu nalo likipotea. Kila mwalo ufanye hesabu kwa bei zake: usiku mmoja wa giza, fedha kidogo kando, na mwezi wa pili au wa tatu chombo kina majaketi ya watu wake wote. Baada ya hapo fungu lilelile liendelee kutolewa, liwe akiba ya matibabu na ya wajane. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vipo katika mialo. Vina wenyeviti na mihuri. Mashekhe wa Ujiji tumekwisha kuzungumza nao, na tumewakuta wakiwa mbele yetu katika jambo hili. Mtumbwi hauulizi dini ya anayepiga kasia.

Jambo la pili ni dogo zaidi. Tume imenunua madaftari, na leo kila mjumbe wa mwambao ataondoka na moja. Nguzo zake zimekwisha kuchorwa: tarehe, mwalo, chombo cha nani, waliingia wangapi, majaketi yalikuwa mangapi, nani aliumia au hakurudi, ameacha watoto wangapi, na mwenye chombo alitoa nini. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua. Msiandike tetesi, andikeni yaliyoshuhudiwa na watu wawili. Tutayakusanya kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, kisha tutayapeleka kwa Mkuu wa Mkoa na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi tukiwa na majina mkononi. Wajumbe wa Uvinza na wa bandarini, mmeomba nanyi mpewe. Yapo ya kutosha. Mtayachukua kwa katibu, pale mlangoni.